Kumpokea mgeni kwenye grupu la maua bila kumfanya alefti

Magrupu ya wapenda maua huku Nyanda za Juu Kusini sa hivi yamejaa, Mbeya mjini baraza baada ya baraza unakuta ndoo za jeraniamu, Njombe watu wanatumiana vipande vya haidranjea mpaka kwenye mabasi, Iringa ndo usiseme, na magrupu karibu yote yanaanza kwa moto halafu yanapoa kwa namna ileile. Wajuzi wachache wanabaki wanasifiana picha, mgeni anaingia, anauliza swali lake moja, anachekwa au anakaushiwa, anakaa kimya wiki mbili tatu halafu analefti. Ukiangalia idadi memba wapo kibao, ukiangalia wanaoongea ni walewale wa kila siku.

Mi naadmini grupu la namna hiyo la WhatsApp, kwa hiyo nitaongelea maua na WhatsApp maana ndo ninavyovijua, ila kama lako ni la wapanda milima wa Rungwe na Loleza, au la wapiga picha, au la wafuga njiwa, we badilisha majina tu mambo ni yaleyale. Na kitu ninachokishikilia ni kimoja: mgeni anabaki au anaondoka kutokana na jibu la kwanza alilopewa kwa swali lake la kwanza. Sheria ndefu, picha nzuri ya grupu, jina lililozungushiwa emoji za waridi, hivyo vyote vinakuja nyuma.

Siku anayoingia

Mtu akiadiwa leo, kwa kawaida haoni yaliyoandikwa jana. Hili wenyeji tunalisahau kila siku, ndo maana unasikia mtu anamjibu mgeni "hilo tumeshalijadili sana, panda juu usome". Apande juu wapi? Kwake juu hamna kitu. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu asome, hakikisha kuna cha kusoma: maelezo ya grupu yawe mafupi, na majibu ya yale maswali yanayojirudia (umwagiliaji, udongo wa kwenye chungu, majani kuwa ya njano) yaandikwe vizuri mara moja, uyapini. WhatsApp inakuruhusu kupini meseji tatu kwa wakati mmoja, tatu zinatosha kabisa.

Salamu ya kumkaribisha iandikwe na mtu mmoja. Wengine wakitaka kuweka ua la emoji juu ya ile meseji sawa, ila stika arobaini za "karibu" zinazopishana zinamfanya mgeni ashindwe hata kuuliza, swali lake linazama. Mimi natumia maneno haya, yachukue uyabadilishe utakavyo:

"Karibu sana. Hapa tunaongelea maua na bustani za nyumbani, wengi wetu tupo Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa. Ukipata nafasi tuambie upo sehemu gani na una maua gani, na kama huna hata moja pia sawa, ndo utaanzia hapa. Swali lolote uliza hapahapa, halina udogo. Sheria zipo kwenye maelezo ya grupu, ni fupi."

Hiyo "kama huna hata moja pia sawa" usiitoe. Kuna watu wengi sana wanaingia hawana ua hata moja, wanaona aibu kusema, wanakaa kusubiri wapate kwanza ndo waongee, hawaongei tena.

Na usimlazimishe kujitambulisha kwa fomu. Nimeona magrupu yanamtaka mgeni aandike jina kamili, kazi, umri, anapoishi, ameoa au hajaoa, utadhani anaandikisha maelezo polisi. Grupu la maua linahitaji kujua sehemu moja tu anayoishi, na wala si mtaa, mji unatosha, na sababu yake ni ya bustani kabisa. Kyela pale karibu na Ziwa Nyasa upo kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, joto, kakao na mpunga. Mbeya mjini upo kwenye mita 1,700. Ukipanda Kitulo unavuka mita 2,600 na asubuhi za Juni na Julai unakuta barafu kwenye majani. Tukuyu mvua kwa mwaka inazidi milimita 2,000, Iringa mjini haifiki hata nusu ya hapo. Sasa mtu akiuliza "nimwagilie mara ngapi kwa wiki" na hujui yupo wapi, jibu lolote utakalompa ni la kubahatisha.

Kuhusu kuitana, hapa napo wageni wanaumia kimyakimya. Mtandaoni kila mtu anaitwa "mkuu" au "bro", na magrupu ya maua yana akina mama wengi tu, sasa mama wa miaka sitini anajibiwa "bro weka samadi". Kama hujui ni nani, "ndugu" au "mdau" haijawahi kumkosea mtu. Akikupa shikamoo itikia marahaba uendelee na mada, usianze "ah mi bado kijana bana", unamfanya ajione kakosea. Kamwene na ugonile na ndaga, salamu na shukrani za kilugha, tunazifurahia sana, ila maongezi marefu ya kilugha yapelekeni pembeni, maana Mnyakyusa na Mnyakyusa mwenzake wakianza kucheka kwa Kinyakyusa, yule Mbena aliyeingia juzi anadhani anachekwa yeye. Utani wa makabila vilevile, ni mtamu kwa wanaojuana, mgeni hajajua bado nani mtani wa nani.

Swali la kwanza

Hapa ndo penyewe, nitakaa hapa kidogo.

Chukua mfano ambao lazima utaukuta kila kipupwe. Mtu kaingia, yupo Mbeya, kaleta picha ya desati rozi (waridi la jangwani) aliyoinunua Dar, picha imepigwa usiku kwa tochi ya simu, haionekani vizuri, kaandika "wadau ua langu linapukutisha majani nifanyeje". Basi. Hakuna lingine.

Majibu yanayokuja kwa kawaida ndo haya: mmoja "mwagilia", mwingine "weka mbolea ya NPK", mwingine "hilo limekufa tupa nunua lingine", mwingine stika ya mtu anacheka mpaka anagaragara, na wa mwisho "picha gani hii sasa". Majibu matano, matatu yanapingana, mawili ni dharau, na mbaya zaidi lile la kwanza ndo litakaloua ua lenyewe. Desati rozi asili yake ni sehemu kame za Afrika Mashariki na Uarabuni, baridi ikiingia linapukutisha majani na kulala, ukilimwagilia likiwa limelala mizizi na lile shina nene vinaoza. Mgeni akifuata ushauri, Agosti hana ua, na hatarudi kuwaambia.

Jibu zuri linaanza kwa kuuliza, na maswali yasizidi matatu maana yakizidi mtu anaona anahojiwa. Mfano:

"Karibu dada, na pole, hilo tunaliona sana miezi hii kwa hiyo usiogope. Hebu nisaidie vitu vitatu: linakaa ndani au nje usiku? Chungu kina tundu chini? Na ukiingiza kidole kwenye udongo, kule ndani kuna unyevu au pakavu? Ukiweza kesho asubuhi piga picha nyingine kwenye mwanga, shina lote lionekane mpaka linapoingia kwenye udongo."

Angalia hiyo meseji inafanya nini. Inamtoa wasiwasi kwanza. Inamwuliza vitu anavyoweza kuvijibu akiwa amesimama pale barazani kwake, bila kujua jina lolote la kitaalamu. Picha mbaya haikusemwa kuwa mbaya, ameambiwa tu nzuri inapigwaje. Akishajibu, ndo unampa ushauri, na ushauri uwe na sababu yake: "acha kumwagilia mpaka majani mapya yaanze, kwa sababu sa hivi limelala kwa ajili ya baridi, na bonyeza shina, likiwa gumu lipo hai, likiwa laini kama linabonyea limeanza kuoza tuongee tena". Ile "kwa sababu" ndo inayomgeuza mgeni kuwa mwenyeji, maana kipupwe kijacho atamjibu mwingine yeye mwenyewe.

Kitu kingine, mkubaliane kwamba mtu mmoja akishaanza kumhudumia mgeni, wengine wamwachie. Una la kuongeza ongeza baada ya yeye kumaliza. Na jibu kwa kuikoti ile meseji yake, grupu likichangamka meseji isiyokotiwa inapotea na mgeni hajui jibu lipi ni lake.

Halafu kuna kukausha. Swali limeingia saa nne asubuhi, mpaka jioni kimya, watu wameona, tiki za bluu zipo. Wengi hawajibu kwa sababu hawajui, sio dharau, ila mgeni hawezi kujua hilo. Sisi tumejiwekea utaratibu kwamba ikifika jioni swali halijajibiwa, admini wa zamu anaandika hata "tumeliona, mimi hili silijui vizuri, namwita mama fulani anayefuga hizo" halafu anamtagi kweli. Inatosha. Mtu akiona ameonekana anasubiri hata siku mbili.

Wenyeji wakibishana mbele ya mgeni

Haidranjea imeshavunja undugu huku. Kisa ninachokisimulia ni cha aina inayojirudia: mgeni alinunua mche kwa memba mwenzake wa Tukuyu, kwenye picha ulikuwa na maua ya bluu, kaupanda kwake umechanua pinki. Kaja grupuni moto, "nimetapeliwa". Nusu ya watu wakawa upande wake, nusu upande wa muuzaji, mara linaanza la nani anajua maua na nani hajui, mara mtu kaambiwa aende akalime viazi.

Na kumbe wote wapo sawa. Haidranjea ya bluu na pinki mara nyingi ni mche uleule, rangi inatokana na udongo. Udongo wenye tindikali unauachia mmea aluminiamu, maua yanakuwa bluu, ndo maana kule kunakostawi chai, Tukuyu, Mufindi, Njombe, bluu inatoka bila shida kwa sababu chai nayo inapenda udongo wa namna hiyo. Ukipanda kwenye udongo uliowekwa jivu la jikoni, na sisi wengi jivu tunalimwaga kwenye tuta, tindikali inapungua na ua linageuka pinki. (Nyeupe yenyewe haigeuki bluu, usimwahidi mtu.)

Cha kufanya hapo kama admini: kwanza simamisha, "ndugu zangu naomba tusimame hapa dakika kumi", na ikibidi funga grupu kwa muda waandike maadmini tu. Pili uliza lile swali ambalo hakuna aliyeliuliza, "udongo wa hapo ulipopanda ukoje, kuna kitu umewahi kuweka?" Tatu mpe kila mtu mahali pa kutokea bila aibu. Usiandike "fulani alikosea, fulani yupo sahihi". Andika sababu ya rangi kubadilika, sema kwamba muuzaji alituma alichonacho na mnunuzi alikuwa na haki ya kushangaa, mwambie anavyoweza kuirudisha bluu, yaani aache jivu. Magomvi mengi ya kwenye magrupu ya hobi yanakuwa hivi, watu wawili wanaeleza bustani mbili tofauti.

Kusahihisha: nini hadharani, nini pembeni

Mi natenganisha hivi. Mtu akikosea taarifa, msahihishe palepale grupuni kwa sababu wengine wameshasoma. Mtu akikosea adabu, mfuate inboksi.

Taarifa ya hatari usiionee haya hata kidogo. Mfano mtu akamwambia mgeni utomvu wa desati rozi ni dawa ya jino. Ule utomvu ni sumu inayogusa moyo, kuna jamii zilikuwa zinapaka kwenye mishale ya kuwindia. Hapo hamna cha kuzungukazunguka: "Hapana, naomba hilo lisifanyike, utomvu wake ni sumu, mkiushika nawaeni mikono na watoto wasichezee." Umesema kuhusu utomvu, hujasema lolote kuhusu aliyeandika. Ile meseji ifute kama una uadmini, halafu mtumie mwenzio ujumbe pembeni umweleze kwa nini umeifuta. Kuifuta kimya bila maelezo ndo kunakoleta visasi.

Mgeni akikosea kwa kutokujua, hapo ndo watu wanapenda kumrukia. Mfano wa huku kwetu ni okidi za Kitulo. Mtu kaenda kutembea kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili kule kunachanua mpaka watu wanapaita Bustani ya Mungu, kavutiwa, kang'oa okidi na mizizi yake kaja kuuliza kwa furaha "hili nalioteshaje wapendwa". Na grupu zima linamvaa, mwizi, muharibifu, utafungwa. Sawa, kakosea kweli, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na kuchimba hairuhusiwi, na zile okidi zimeshateseka vya kutosha kwa kuchimbwa viazi vyake vya kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kinachoitwa chikanda. Ila ukimtukana, atakachojifunza ni kutokuonyesha tu, kuchimba ataendelea.

Jibu linaloweza kumbadilisha ni kama hili: "Hongera kwa kufika Kitulo, wengi humu tunapatamani. Hiyo ni okidi ya porini, na pale ni hifadhi, mimea haitolewi. Pia zile za ardhini zikihamishwa mara nyingi hazishiki, zinategemea fangasi wa kwenye udongo wa kulekule, kwa hiyo hata ukihangaika nayo itakusumbua. Ukitaka okidi ya kufuga nyumbani tutakuelekeza zinazooteshwa bustanini. Safari nyingine tuletee picha tu, tutafurahi." Halafu picha ile unaiondoa, na unamwambia inboksi umeiondoa ili wasimwandame na wengine wasiige. Na hata wenye picha halali, wasiandike ni kona gani hasa wamezikuta.

Mjuzi mwenye ulimi mkali

Kila grupu linaye. Anajua kweli, ukimwondoa grupu linakuwa masikini, ukimwacha anafukuza wageni. Mara nyingi ni mtu mzima, kwa hiyo kijana wa miaka ishirini na tano kumwandikia "punguza ukali" haiendi. Mtafute wa rika lake aongee naye, au mwandikie wewe kwa heshima inayomstahili:

"Shikamoo mwalimu. Nashukuru unavyotusaidia kule, bila wewe tungeshaua maua mengi. Kuna jambo naomba unisaidie, yule dada wa juzi baada ya lile jibu hajaandika tena, nadhani aliumia. Swali likiwa ni lile ambalo umeshalijibu mpaka umechoka, naomba uniachie mimi, wewe nikuitie yale magumu."

Hiyo ya "nikuitie yale magumu" inafanya kazi sana, kwa sababu wengi ukali wao unatokana na kuchoshwa na swali moja. Akiendelea baada ya kuongea naye mara mbili, mtoe, na usitangaze. Mi najua kuna watu watasema mtaalamu hatolewi, ila nimeona watu kumi waoga wakishirikiana wanapata jibu sahihi, na nimeona mtaalamu mmoja akibaki peke yake anaongea na ukuta.

Inboksi

Hili fupi lakini liandikwe sheria namba moja. Mtu akiingia grupu, namba yake wote wanaweza kuiona, na dada akiuliza tu kuhusu waridi jioni anakuta "mambo mrembo" tatu. Usimfuate mtu inboksi bila kumwomba grupuni, hata kama ni kwa ajili ya maua, hasa usiku. Andika wazi kwamba akisumbuliwa atume skrini shoti kwa admini, na uwe na admini mwanamke, maana wengi hawatamwandikia mwanaume jambo hilo. Msumbufu anatolewa mara ya kwanza, hapa hakuna onyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa unyanyasaji wa namna hii, akibisha mkumbushe. Na namba za memba usizihamishie kwenye grupu lako la biashara, watu wanajikuta wameadiwa kwenye mambo ya mikopo hawajui nani kawapeleka.

Mengine ambayo hayana maua

Simba na Yanga, siasa, "tuma hii kwa watu kumi", nje. Matangazo ya biashara yape siku moja kwa wiki, mwenye miche aweke picha yake halisi, bei, na mahali alipo.

Misiba ni ngumu zaidi maana sisi ni watu wa kushirikiana, huwezi kusema usilete msiba. Sisi tulikubaliana msiba wa memba mwenyewe, mzazi, mwenza au mtoto unatangazwa mara moja, na michango inaenda kwenye grupu dogo linalofunguliwa kwa kazi hiyo na kufungwa ikiisha. Mgeni wa siku tatu asitajwe kwenye orodha ya ambao hawajachanga. Nimeshuhudia hiyo, ni aibu.

Voisi noti: zinawasaidia sana wasiopenda kuandika, wengi ni wazee wenye maarifa mazuri, kwa hiyo usizikataze. Ziwe fupi, na mmoja wa vijana aandike chini kwa mistari miwili kilichosemwa, kwa ajili ya wenye bando dogo na waliopo kazini.

Kumpa mgeni kipandikizi

Hamna kitu kinachomfunga mtu kwenye grupu kama kukua kwa kitu alichopewa. Ila mpe kisichokufa kirahisi: jeraniamu, spaida, aloe, haidranjea. Usianze kumpa lile lako la kubembeleza halafu likifa awe anakukwepa. Kata kipande chenye vifundo, punguza majani, kizungushie gazeti lenye unyevu halafu mfuko wenye matundu, andika jina la ua juu yake kwa sababu atalisahau kabla halijafika Makambako. Nauli ya kifurushi kwenye basi mkubaliane kabla, na kwa kawaida mpokeaji ndo analipa. Usiseme grupuni "nimempa fulani bure", mwache yeye ashukuru akitaka.

Kama mnakutana ana kwa ana, iwe mchana na sehemu yenye watu. Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale ni nzuri mno kwa hili, Agosti mwanzoni kila mtu anapita, mgeni anaweza kuja na ndugu yake, akichoka anaondoka bila kuona aibu.

Na wewe mgeni

Una sehemu yako pia. Uliza swali kamili kwenye meseji moja, usiandike "samahani", halafu "kuna mtu", halafu "nina swali". Sema ua lipo wapi, umelimwagilia lini, umebadilisha nini karibuni. Weka picha ya mchana, moja ya mmea mzima, moja ya jani kwa chini ambako wadudu wanajificha. Ukiona umekosea kuandika, unaweza kuhariri meseji ndani ya dakika 15, usiitume upya mara tatu. Ukijibiwa vibaya na mtu mmoja, usihukumu grupu zima, mwambie admini.

Na leta mrejesho. Wiki tatu baadaye rudi useme limechipua au limekufa. Likiwa limekufa ndo useme zaidi, aliyekushauri anahitaji kujua, mara nyingi ushauri ulikuwa wa Iringa na wewe upo Rungwe kwenye mvua.

Mtu akilefti

Usiandike "huyoo kaenda" wala usianze kumkisia sababu zake, kuna ndugu yake humo ndani anasoma. Subiri siku mbili tatu, admini amwandikie mwenyewe, kwa heshima, swali moja tu: kuna kitu tulikukosea? Wachache watasema ndiyo na watakwambia nani, ufanyie kazi. Wengi watakwambia ni bando na kelele, simu imejaa picha za maua mpaka haifungui. Hao waelekeze namna ya kulinyamazisha grupu, na waingie kwenye mipangilio ya WhatsApp, pale pa hifadhi na data, wazime picha kujipakua zenyewe. Wengi hawajui hicho kitufe kipo, na wakikipata wanaomba uwaadi tena siku hiyohiyo.